Shupaza Nyekundu: Mwezi, Maulidi na Pweza wa Pate

Mwaka 1949 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jerome Bruner na Leo Postman, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mcheza karata yeyote wa Lamu angelielewa bila kuelezwa mara mbili. Waliwaita wanafunzi 28, wakawaonyesha karata moja moja kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha wakaurefusha muda huo kidogo kidogo mpaka mtu aitaje karata sawasawa. Baadhi ya karata zilikuwa za kawaida. Nyingine zilikuwa zimegeuzwa rangi: shupaza sita nyekundu, kopa tatu nyeusi, pau sita nyekundu. Wanafunzi hawakuambiwa.

Karata za kawaida zilitambuliwa, kwa wastani, katika milisekunde 28. Zile zilizogeuzwa zilihitaji milisekunde 114, yaani mara nne. Lakini kilichonishika mimi ni yale waliyokuwa wakiyasema kabla ya kutambua. Wengi waliitazama shupaza nyekundu wakajibu bila kusita kwamba wameona shupaza ya kawaida, au wameona kopa. Hawakuona kasoro yoyote. Wengine walijaribu kusuluhisha: wakasema ina rangi ya zambarau, ina rangi ya kahawia, ni nyeusi lakini ina wekundu pembeni. Na wako waliovurugikiwa kabisa. Mmoja alifika mahali akasema hajui tena hata shupaza yenyewe inafanana vipi. Hata walipopewa muda mara 40 ya ule uliotosha kwa karata za kawaida, zaidi ya asilimia 10 ya karata zilizogeuzwa hazikutajwa ipasavyo.

Nimeanza na karata kwa makusudi. Hakuna mtu anayeipenda shupaza iwe nyeusi. Haina dini, haina ukoo, haina chama, wala hakuna babu aliyeacha wasia juu yake. Ikiwa mazoea matupu yanaweza kumzuia mtu asione kilichopo mbele ya macho yake, basi tufikirie hali inavyokuwa pale jambo linapogusa saumu, Idi, riziki na heshima ya wazee.

Tunapenda kumwambia mwenzetu kwamba ana kichwa kigumu, kana kwamba vyetu ni vitupu, habari ikija inaingia na kukaa popote. Hakuna anayesikiliza hivyo. Neno jipya hupokelewa na maneno yaliyotangulia, na hayo ndiyo yanayoamua likaribishwe ndani au lirudishwe mlangoni. Wala sioni aibu katika hilo, kwa sababu mtu ambaye hakuamini chochote tangu mwanzo hana cha kupimia. Ninachokijali, na ndicho kilichonifanya niandike, ni jambo dogo kuliko hilo: kama tunaweza kusema mapema, kabla habari haijafika, ni habari ya namna gani ingetutoa pale tulipo.

Huku Lamu swali hilo lina jioni yake. Ni jioni ya mwezi 29 Shaabani.

Mji wetu umeelekea mashariki, kwenye mkondo wa bahari na Kisiwa cha Manda. Mwezi mwandamo hutafutwa upande wa pili, machweo, nyuma ya mji. Kwa hiyo jioni hiyo wanaotafuta mwezi wamepanda madarini, wameipa bahari mgongo, wanatazama juu ya minazi kuelekea bara. Dakika zenyewe ni chache. Jua limezama lakini mwangaza bado umejaa, na ukingo ule mwembamba, kama upo, uko chini kabisa, mahali penye mawingu ya magharibi na moshi wa majiko ya watu.

Nimewahi kusimama darini na vijana wakati mmoja wao aliponyoosha kidole: "Ule pale!" Papo hapo wawili wengine wakauona. Mzee aliyekuwa nasi hakuwakatalia. Alimshika wa kwanza bega akamvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini pembe za mwezi zimeelekea wapi. Kisha akamwita wa pili, kisha wa tatu. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala kama mashua, pembe zimetazama juu. Mmoja alisema zimetazama kulia, mwingine kushoto, wa tatu akasema hakuangalia pembe. Mzee akawaambia wakae waendelee kutazama, na hakuna aliyevunjiwa heshima yake. Husimuliwa kwamba Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, akiwa mzee sana, alisema ameuona mwezi ambao wenziwe hawakuuona, na kadhi Iyas bin Muawiya alipomtazama vizuri akaona unywele mweupe wa nyusi umemwangukia jichoni. Akaufuta, akamwomba atazame tena. Mwezi haukuwepo. Sahaba hakudanganya, na vijana wetu hawakudanganya. Walikuwa wanautaka mwezi, wakapewa na macho yao.

Kisha simu zinaanza kulia. Umeonekana Tanga. Haukuonekana popote. Kadhi Mkuu bado hajatangaza. Saudia wameshatangaza. Hapo ukikaa ukasikiliza maswali ya watu, utaona kila mmoja alikuwa upande gani kabla ya jua kuzama. Anayetaka kufunga kesho akiambiwa mwezi umeonekana mahali fulani huuliza swali moja tu: nani kauona? Akitajiwa mtu mwaminifu, ameridhika. Asiyetaka huuliza saa ngapi, upande gani, kulikuwa na wingu au hapakuwa, mashahidi wangapi, aliyepiga simu ni nani na yeye kasikia kwa nani. Maswali yote hayo ni mazuri. Lakini siku habari ikija imegeuka, watu hao hubadilishana maswali: aliyekuwa mchunguzi anakuwa mwepesi wa kuamini, na aliyekuwa mwepesi anaanza kuuliza habari za wingu.

Na hoja kubwa ya pande zote mbili ni hadithi moja ileile. Imo katika Sahih Muslim. Kuraib alitumwa na Ummul Fadhl kwenda Sham kwa mtawala Muawiya, na Ramadhani ikaandama akiwa huko. Wakauona mwezi usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas akamuuliza habari, akamweleza. Ibn Abbas akasema sisi tumeuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kuraib akauliza: hutosheki na kuona kwa Muawiya na saumu yake? Akajibu: la, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.).

Anayefuata mwezi wa nchi yake huisoma hadithi hiyo akaona mambo yamekwisha: kila nchi na muandamo wake. Huo ndio msimamo mashuhuri katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo pwani yetu imelelewa nayo. Anayefuata mwezi popote utakapoonekana huisoma hiyohiyo akasema: hiyo ni ijtihadi, yaani rai, ya Ibn Abbas mwenyewe, na habari ilimfikia mwezi unakaribia kwisha, lau angepigiwa simu usiku uleule ingekuwaje? Wote wawili wameisoma, wote wana wanazuoni wakubwa nyuma yao. Sijapata kumuona mtu akaingia katika hadithi ya Kuraib akiwa upande mmoja akatoka akiwa upande wa pili.

Hata ramani husomwa vivyo hivyo. Makka iko kwenye longitudo ya takriban digrii 39.8 mashariki, na Lamu iko kwenye 40.9. Tuko karibu katika mstari mmoja. Anayetaka kufuata Makka huishika namba hiyo: saa yetu ni moja, tofauti iko wapi? Asiyetaka huishika namba ya latitudo: wao wako digrii 21 kaskazini, sisi digrii 2 kusini, huku mwezi hushuka karibu wima, kule yako majira ambayo hushuka kwa kulala, na jua letu na lao halizami dakika moja. Namba zote mbili ni za kweli. Kila mtu huondoka na ile aliyoijia.

Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipima hali ya namna hii. Walikusanya wanafunzi 48, nusu wanaunga mkono hukumu ya kifo na nusu wanaipinga, wakawapa wote tafiti mbili zilezile: mmoja unaonyesha kwamba hukumu hiyo hupunguza mauaji, wa pili unaonyesha kwamba haipunguzi. Kila upande uliuona utafiti unaokubaliana nao kuwa umefanywa vizuri, na ule mwingine ukautoa makosa moja baada ya jingine. Mwisho wa kusoma, kwa maneno yao wenyewe, walisema wamezidi kusimama pale walipokuwa. Wasomi hawa walikuwa wamewapa watu ushahidi uliochanganyika, ambao kwa akili ya kawaida ungewasogeza karibu. Ukawatenga zaidi.

Jaribio hilo halikuwa na kitu ambacho mwezi wetu unacho, nacho ni jamaa. Ukibadili mwezi umebadili siku ya kuvaa kanzu mpya, msikiti wa kuswalia Idi, nyumba utakayoingia kwanza kutoa mkono. Ziko nyumba ambazo baba amefungua na mwana angali amefunga, na mama anapika mara mbili bila kusema neno. Mtu akiikataa hoja yako ya falaki huenda hana ugomvi na falaki kabisa. Anajua kwamba akiikubali, kesho asubuhi atakuwa mgeni kwenye baraza aliyokulia. Hili watu wanaokuja kutuelimisha hulisahau mno. Wanaleta takwimu nzuri na hawajajiuliza anayezipokea atakula Idi na nani. Mimi hufunga na kufungua na mji wangu, na nasema wazi kwamba nilianza hivyo kabla sijajua kusoma, sembuse kuisoma hadithi ya Kuraib.

Miaka mitano baada ya jaribio lile, Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walitafuta dawa. Kundi moja waliliambia lisome kwa uadilifu, bila upendeleo, kama hakimu. Hilo halikusaidia, na sishangai, maana kila mtu tayari anajiona mwadilifu. Kundi jingine waliliambia jambo mahususi: katika kila hatua jiulize, lau utafiti huuhuu, wa njia hiihii, ungetoa matokeo ya kinyume, ungeusifu hivi au ungeutoa makosa hivi? Hao ndio upendeleo wao ulipungua.

Tangu nilipolisoma hilo nimekuwa nikilitumia nyumbani, kwa adabu. Ami yangu ni mtu wa mwezi wa hapa hapa, na mwanawe ni wa mwezi wa Saudia. Usiku mmoja iliingia habari kwamba mwezi haukuonekana popote Afrika Mashariki, na ami akatulia, amefurahi, tasbihi inapita vidoleni.

"Ami," nikamwambia, "lau mtu huyuhuyu angekupigia kwa simu hiihii akasema umeonekana, ungemkubalia?"

Akafikiri. "Ningemuuliza amesikia kwa nani."

"Na sasa umemuuliza?"

"Sikumuuliza, mwanangu."

Akachukua simu akampigia tena. Maongezi yalikuwa marefu, na mwanawe, aliyekuwa ameshaanza kuvaa viatu aondoke, alikaa kitako akasikiliza. Hakuna aliyebadili msimamo usiku ule. Lakini kwa mara ya kwanza walikuwa wanaiuliza habari moja maswali yaleyale.

Wako wanazuoni waliotaka maswali hayo yapangwe mapema. Taqiyyuddin as-Subki, Mshafi wa karne ya 14, alisema kwamba hesabu ikionyesha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, basi ushahidi wa anayesema ameuona haupokelewi, kwa kuwa ushahidi wa mtu ni dhana na hesabu ile ni yakini. Wako waliompinga, na mpaka leo wapo. Mimi ninachoupendea msimamo wake ni kwamba unaweza kuwekwa Shaabani ikiwa bado changa, kabla hatujajua nani atasimama aseme nini, na hatujajua utamfurahisha nani.

Imani za zamani nazo zilikuwa na siku yao ya kwanza, na baadhi ya siku hizo mjini kwetu zinajulikana. Habib Swaleh bin Alawi Jamalillail alikuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19, akakaa Langoni, akawasomesha watu ambao mji wa wakati ule haukuwahesabu kuwa ni wa kusomeshwa: waliokuwa watumwa na watoto wao, wageni, maskini. Akaleta Maulidi ya Al-Habshi kutoka Hadhramaut, yanayosomwa kwa matari. Wakubwa wa mji hawakuyapokea. Matari msikitini? Elimu ya dini kwa kila mtu? Walikuwa na elimu, walikuwa na nasaba, na walikuwa na desturi ya miaka mingi ya kusoma maulidi ya Barzanji bila ngoma. Kwa kila walichokijua, jambo lile lilikuwa kosa. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa karibu na mwaka 1900, ulisimama katikati ya ubishi huo. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na leo Maulidi ya Lamu huleta watu kutoka pande zote za Afrika Mashariki, wengine wanalala juu ya mikeka kwa sababu nyumba zimejaa.

Sasa sikiliza kinachotokea kijana akirudi kutoka masomoni ng'ambo akasema Maulidi ni bidaa. Atajibiwa kwamba hii ndiyo mila ya mji, ndivyo walivyofanya wazee wetu. Mimi Maulidi nayapenda kwa moyo wote. Sauti ya matari ikianza kule Langoni siwezi kukaa ndani. Na naamini ziko hoja za kielimu za kumjibu kijana yule, wanazuoni wameziandika. Lakini hoja ya kwamba wazee walifanya hivi ndiyo iliyotumiwa dhidi ya Riyadha siku ya kwanza. Tukiishika hiyo tunamtetea Habib Swaleh kwa silaha ya wapinzani wake, na tunamnyima kijana kitu ambacho Habib Swaleh alikihitaji sana, yaani kusikilizwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kutomsikiliza.

Kukataa si ugonjwa, lakini. Ilipokuja rai ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, hapa Lamu, waliopinga waliambiwa wanaogopa maendeleo. Kweli walikuwa na imani yao ya awali: kwamba mradi mkubwa huanza kwa ahadi na wavuvi hubaki na hasara. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa makaa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ukitaka kujua kama mtu anakataa kwa mazoea au kwa maarifa, muulize imani yake imetoka wapi. Wale waliweza kujibu.

Na kuna pweza.

Jamaa zangu wa upande wa mama ni watu wa Kisiwa cha Pate. Wanawake wa huko siku za bamvua, maji yakipwa, hutoka kwenye miamba na fimbo zenye ncha ya chuma kuchokoa pweza. Ni kazi ya kuinama masaa na ya kujua: jicho lisilozoea linaona jiwe, wao wanaona shimo lenye makombe yaliyotupwa mlangoni, wanajua mwenye nyumba yumo. Ilipoletwa rai kwamba sehemu ya mwamba ifungwe miezi kadhaa, mtu asiguse, kisha ifunguliwe siku moja kwa wote, ilikuwa rai ngeni. Ilitoka mbali. Mwaka 2004, huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wavuvi wa Kivezo walifunga mwamba wao mmoja kwa miezi saba, na walipoufungua walipata pweza wakubwa kuliko waliozoea. Sababu imo katika maisha ya pweza mwenyewe. Huyu wa miambani haishi sana, mwaka mmoja na kitu. Hukua upesi ajabu, jike hutaga mara moja tu, hukaa juu ya mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchukua mapema kidogo umepoteza uzito mwingi na umepoteza mayai. Ukimwacha mno amekufa mwenyewe.

Nilikuwepo kwenye moja ya mikutano ya kwanza, kijijini, chini ya mwarobaini. Mgeni aliyekuja kueleza alijua kazi yake. Alikuwa na michoro, mistari inapanda na kushuka. Akina mama wakamsikiliza kwa heshima zote, wakamshukuru, na nikaona wazi kwamba hakuna neno lililoingia. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, akasema kile ambacho wote walikuwa wanakifikiri: riziki ni ya Mungu, bahari ni ya Mungu, nani awezaye kumfungia mwenziwe bahari?

Wakanyamaza. Mgeni akaanza kurudia mchoro wake. Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa anasuka ukili muda wote bila kuinua uso, akauliza: "Na kusi je?"

Hakuhitaji kueleza. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo vinavutwa pwani, iko miamba ambayo mtu hawezi kusimama. Kila mwaka bahari hufungwa. Na kila mwaka, kusi likipoa, watu hurudi kwenye miamba hiyo wakakuta pweza wamekuwa. Walilijua hilo tangu wadogo. Hawakuwahi kuliita elimu ya uhifadhi, waliliita kusi, na waliamini kwamba anayelileta ni Mungu. Imani ileile iliyokuwa imefunga mlango dakika mbili kabla ndiyo iliyoufungua: ikiwa Mungu mwenyewe huifunga bahari ili aijaze, basi kungoja si kumnyima mtu riziki yake.

Kuanzia hapo mazungumzo hayakuwa ya mgeni tena. Walianza kubishana wao kwa wao, na kwa sauti: mwamba upi, bamvua lipi, nani atalinda usiku, vipi kuhusu watu wa kijiji jirani wasiokuwepo. Mgeni alikunja michoro yake akaanza kuandika yeye. Namheshimu kwa hilo. Wengi wangeendelea kuhutubu.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi kutoka siku ile ni mwingine, mama mwembamba aliyekaa nyuma karibu na ukuta, na ambaye alisema hakubali. Akapewa nafasi aseme. Akasema: "Mwamba mkiufunga, siku ya kuufungua mutakwenda wote pamoja, wakubwa kwa watoto. Watu mia wakiingia mahali pamoja siku moja lazima watoke na pweza wengi, hata usingefungwa. Halafu mutasema ni kwa sababu ya kufunga." Watu wakaguna. Akaendelea: nipimieni na mwamba usiofungwa, bamvua hilohilo, watu idadi moja, na mupime pweza mmoja mmoja, si fungu zima.

Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu kufunga miamba, na hoja ya mama yule ndiyo moja ya hoja nzito zinazobishaniwa humo: wingi wa siku ya kufungua unaweza kuwa ni wingi wa wavuvi. Yeye alifika hapo kwa kuwa ametumia maisha yake akiona nani anatoka na nini. Na alifanya jambo ambalo ami yangu, mwanawe, na mimi pia hatulifanyi mpaka tushikwe mkono. Alitaja, mbele ya watu, kitu kitakachomgeuza.

Walikubali sharti lake. Mizani ya kuning'iniza iliazimwa kwa mchuuzi wa pweza, na binti wa sekondari akapewa daftari. Siku ya kufungua, waliotoka kwenye mwamba uliofungwa walikuja na pweza wazito kuliko waliotoka nje yake, na watu wakamgeukia. Akasema kusi moja halitoshi, huenda mwamba ule ni mzuri tangu zamani, na akataka mwaka unaofuata ufungwe ule mwingine, na ule wa kwanza uachwe wazi. Walinung'unika. Wakakubali tena, kwa sababu hata waliochoka naye waliona kwamba hilo ni swali.

Mama mkubwa ananiambia sharti la sasa limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa maneno ya mama yule mwenyewe. Pweza wa mwamba uliofungwa wakizidi wale wa nje kwa nusu kilo kila mmoja, kwa wastani, ataingia kwenye kamati na kulinda zamu ya usiku kama wenziwe. Wasipozidi, ataomba mwamba ufunguliwe, na wenziwe wameahidi hawatampinga. Watapima bamvua la kwanza baada ya kusi.